Kulemewa Kupita Nguvu Zetu

Misibani na hospitalini Wakristo hufarijiana kwa usemi uliozoeleka, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Usemi huu hutolewa kwa nia njema, na wengi hudhani umetoka katika 1 Kor. 10:13. Lakini mama aliyezika watoto wawili katika mwaka mmoja aweza kuusikia kama hukumu: ikiwa mzigo umenishinda, basi imani yangu ni haba. Yafaa tuuchunguze kwa mwanga wa Maandiko.

Katika sura hiyo Mtume Paulo anakumbusha habari za Israeli jangwani, waliotamani mabaya, wakaabudu sanamu na kunung'unika. Neno la Kiyunani peirasmos laweza kumaanisha jaribu au kishawishi, na hapa mkazo uko kwenye kishawishi cha kumwacha Mungu. Ahadi ni kwamba Mungu mwaminifu atafungua njia ili waumini wasianguke. Mtume hasemi kwamba kila msiba umepimwa kwa kadiri ya uwezo wa anayefikwa nao.

Paulo huyo huyo, katika 2 Kor. 1:8–11, akiri waziwazi kwamba dhiki iliyompata Asia ilimlemea kupita nguvu zake, hata akakata tamaa ya kuishi. Hasemi kwamba alipungukiwa na imani. Aeleza kuwa kwa njia hiyo alijifunza kutojitumainia nafsi yake, apate kumtumaini Mungu afufuaye wafu. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Wafu hawana nguvu yoyote iliyosalia. Uzima wao watoka kwa Mungu peke yake.

Martin Luther aliyapitia hayo mwaka 1527. Tarehe 6 Julai aliugua ghafula, akadhani anakufa. Kisha tauni iliingia Wittenberg, na chuo kikuu kikahamishiwa Jena. Luther alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia watu, na nyumba yake ikawa kama hospitali, huku mkewe Katharina akiwa mjamzito. Miezi hiyo alishambuliwa pia rohoni, akijiona ameachwa na Kristo. Binti yao Elisabeth alizaliwa Desemba, akafariki Agosti 1528. Katika hayo yote Luther hakujifanya shujaa. Aliwaandikia rafiki zake akiwasihi wamwombee.

Kwa huduma yetu ya kichungaji yafuata mambo mawili. Kwanza, maombolezo yana nafasi katika imani. Zaburi ya 88 yaishia gizani, nayo ni sala; anayemlalamikia Mungu bado anasema naye. Pili, aliyelemewa huchukuliwa na wenzake, kama yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne (Mk. 2:3–5). Ndiyo maana Paulo naye anategemea maombi ya Wakorintho.

Basi mchungaji au mzee wa kanisa aingiapo nyumba yenye msiba, asipime imani ya mfiwa. Na aketi, asikilize, asome Neno, aombe kwa niaba ya yule asiyeweza kuomba, na baada ya matanga arudi tena. Mzigo waweza kumshinda Mkristo kabisa. Hauwezi kumshinda yeye aliyemfufua Kristo, na mikononi mwake ndimo Mkristo huyo alimo tangu ubatizo wake.