Punda, Paka na Kapsuli za Rangi Mbili (Sehemu ya Nne): Baitari Mbele ya Muhtasibu

Redio zimeanza tena. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huwa na wiki yake ya kuhadharishana juu ya usugu wa dawa, na kila mwaka twasikia mawaidha yaleyale: maliza dozi, usigawane vidonge na jirani, usinunue dawa bila karatasi ya daktari. Mawaidha ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ninachoshangaa ni kuwa juma zima hupita bila paka kutajwa, wala punda, kana kwamba vijidudu vina mlango wa watu na mlango wa wanyama.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanamjua Fleming na kuvu aliyoiona mwaka 1928. Wanaujua pia udongo wa Terre Haute, kule Indiana, ulikotoka oksitetrasaiklini mwaka 1950, na wanakumbuka jinsi Wajapani walivyogundua, wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuwa vijidudu hupokezana usugu. Hayo sitayarudia. Leo nataka kurudi nyuma zaidi, kabla hata neno antibiotiki halijatungwa.

Lakini kwanza Mtangawanda. Ukishuka botini hapo, baada ya nahodha kuvizia maji ya kupitia mkondo wa Mkanda, kiumbe wa kwanza kukupokea ni punda. Hii ndiyo bandari ya kisiwa cha Pate. Unga, saruji, kreti za soda na mapipa ya mafuta hushushwa hapa, nayo lazima yafike Pate mjini na Siyu. Pikipiki zimekuja, ila punda hajastaafu. Nilimkuta kijana akimvua punda wake shogi. Chini ya shogi, juu ya mfupa wa bega, palikuwa na kidonda upana wa kiganja, kibichi, nzi wamekijaa. Akatoa mfukoni kapsuli ya antibiotiki, ile tunayoiita rangi mbili, akaipasua kwa meno, akamimina unga wake kidondani, akapuliza kidogo usambae, kisha akarudisha shogi palepale. Alikuwa na kapsuli nyingine: hiyo, akanieleza, ni ya paka wa nyumbani anayetokwa na machozi na kamasi.

"Nani amekwambia umpe hiyo, mwanangu?"

"Ah, ami, dawa si dawa?"

Swali hilo lilijibiwa zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Katika karne ya 12, huko Shamu, Abdulrahman bin Nasr al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani yule msimamizi aliyepita sokoni akikagua mizani na bidhaa na kuangalia nani anafanya kazi gani na kwa haki gani. Nakipenda kitabu hiki kuliko vingi vya wakati wake, kwa sababu mwandishi hakuishia kwenye falsafa ya uadilifu, aliingia jikoni. Anaeleza jinsi mwoka mikate anavyoghushi na muuza maziwa anavyotia maji, anawakagua wapiga chuku na matabibu wa macho. Kwa wauza dawa anataka muhtasibu awaonye, awatishe kwa adhabu, na achunguze dawa zao kila juma. Kila juma! Hebu nitajie duka la dawa katika visiwa vyetu linalokaguliwa kila mwezi.

Kisha akamtengea mlango wake baitari, mganga wa wanyama ambaye zama hizo ndiye pia aliyepiga kwato misumari. Hoja yake ya kwanza ningependa ibandikwe kwenye kila gati: kumtibu mnyama ni kugumu kuliko kumtibu mtu, kwa kuwa mnyama hana ulimi wa kueleza anachoumwa, na mtibu hana njia ila kuangalia, kupapasa na kukisia kwa elimu. Anasema maradhi ya wanyama ni 320, na anayataja mengi kwa majina. Idadi yenyewe haina uzito leo. Kilicho na uzito ni imani iliyomo ndani yake, kwamba kidonda si kidonda tu, kila ugonjwa una jina lake na njia yake, na asiyeyajua haifai kumgusa mnyama wa mtu.

Halafu inakuja hukumu. Baitari akimtoa mnyama damu, au kumkata, au kumchoma moto bila ujuzi, na mnyama akafa au akaharibika, atalipa kiasi cha thamani iliyopotea, na juu ya malipo hayo muhtasibu atamtia adabu. Shayzari hakulibuni hili. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaijua hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, kuwa anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu ana dhamana ya atakachokiharibu. Alichofanya Shayzari ni kuitoa msikitini na kuipeleka sokoni, mpaka zizini.

Karne mbili baadaye, Misri, Abu Bakr bin Badr, baitari wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun, aliandika kitabu kinachojulikana kwa jina la sultani wake, al-Nasiri, juu ya tiba na ufugaji wa farasi. Sultani huyo alikuwa bado kitini wakati Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, akashukia Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Pate hakufika, lakini Shanga ilikuwapo kisiwani humuhumu, mji wa mawe wenye msikiti wake; Mark Horton alipouchimba miaka ya 1980 alikuta umekaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzo wa karne ya 15. Siwezi kuapa kuwa nakala ya kitabu cha baitari ilishushwa pwani hii. Ila bahari iliyoleta vyombo vya kaure na vitabu vya fiqhi haikufungiwa elimu ya wanyama, na mtu anayeniambia kuwa kumpeleka punda kwa mtaalamu ni mambo ya Wazungu hajui wazee wa dini yake waliandika nini.

Nafasi inanibana, nami sijamrudia punda wa Mtangawanda.

Kidonda cha bega hakikuletwa na vijidudu; kililetwa na shogi lisilo na takia na mzigo usiolala sawa. Vijidudu ni wageni waliokuta mlango wazi. Unga wa kapsuli juu ya usaha hukauka ukawa ganda, usaha ukabaki chini, na dawa kidogo iliyopenya inatosha kuua vijidudu dhaifu na kuviachia uwanja vile sugu. Pepopunda nayo haijali unga huo. Kijidudu chake hukaa ndani kabisa ya jeraha ambako hewa haifiki, na kinachoua ni sumu yake. Dawa ya sumu hiyo ni sindano maalumu ambayo msingi wake uliwekwa na Behring na Kitasato mwaka 1890, na kinga yake ni chanjo. Katika wanyama wote wa nyumbani, farasi na punda ndio wepesi zaidi kupatwa.

Wengine humnywesha punda kapsuli hizo. Punda huivunja nyasi katika utumbo wake wa nyuma, kwa msaada wa vijidudu rafiki wasiohesabika. Waue hao, na wabaya waliokuwa wamezuiwa hutawala. Punda huharisha, na huweza kufa katika siku chache. Dawa za aina ya linkomaisini zina sifa mbaya sana kwa hili. Sungura naye huweza kuuawa na amoksilini ya kunywa, dawa hiyohiyo anayopewa mtoto wako.

Paka wa machozi na kamasi mara nyingi ana virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kama kuna vijidudu vilivyodandia juu yake, wa kulijua hilo ni daktari. Doksisaiklini ikimezwa kavu hukwama kooni mwa paka ikamchoma, na kovu lake huweza kumzuia kula. Tetrasaiklini hugeuza manjano meno ya paka wachanga. Enrofloksasini ikizidi kipimo humpofusha paka, na upofu huo mara nyingi hauna marejeo. Panadoli si antibiotiki, lakini kwa kuwa watu hawakosi kuiongeza: kidonge kimoja chatosha kumuua paka. Mbwa huku kwetu ni wachache, nawaacha.

Vijidudu sugu havibaki kwa mnyama. Hupitia mkono uliomwaga unga, kinyesi cha uchochoroni, na mtoto aliyelala na paka. Vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilikadiriwa kuletwa moja kwa moja na vijidudu vya namna hiyo.

Sheria tunazo. Tuna Sura ya 244 ya sheria za Kenya inayosimamia dawa na sumu, na tuna sheria ya mwaka 2011 iliyounda Bodi ya Madaktari wa Mifugo na kukataza asiyesajiliwa kujifanya daktari wa wanyama. Hata rafiki tumepata: Dkt. Elisabeth Svendsen alifika Lamu, tuiitayo Amu, mwaka 1985, akawaona punda, na mwaka 1987 shirika lake la Uingereza likafungua kliniki mjini Amu inayowatibu punda bure. Lakini kati ya Amu na Mtangawanda kuna bahari na nauli, na punda hapandi boti la abiria. Kapsuli hupanda, bila tikiti.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni muhtasibu. Mwiteni jina mtakalo. Awe msaidizi wa afya ya mifugo aliyesajiliwa, aketi Mtangawanda siku za boti akiwa na daftari lake, na akague kila duka la dawa kisiwani, la watu na la mifugo, kila juma, kama alivyotaka Shayzari. Mshahara wake hauzidi gharama ya harusi moja ya siku saba, na harusi hizo hatujawahi kushindwa kuzichangia.

Kijana wa gatini nilimwambia afanye haya: atue shogi mpaka kidonda kifunge, akioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, afukuze nzi, apige picha na kuituma kwa kliniki ya Amu, na aulize habari ya chanjo ya pepopunda. Paka asimpe kitu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama nikirudi Amu naweza kumletea takia la shogi.

Sehemu ya tano, inshallah, ni ya maziwa: siku za kuyamwaga baada ya ng'ombe kuchomwa sindano, na kwa nini muuzaji hakwambii.