Mzee na Mchakamchaka wa Kipupwe

Mwezi Juni ukiingia, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya huanza kutoa masweta masandukuni. Asubuhi kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na juu kwenye uwanda wa Kitulo umande huganda hata majani yakawa meupe. Wenzetu wa Limuru na Kinangop, nchini Kenya, nao huionja baridi ya namna hiyo hadi mwezi Agosti. Katika miezi hiyo wazee wengi waliozoea kukimbia kidogo kila asubuhi husukuma raba zao uvunguni. "Baba, baridi hii itakuua," watoto huwaambia, nao hukubali. Wachache hukataa katakata. Hutoka gizani saa 11 alfajiri wakiwa na fulana moja, kama walivyofanya walipokuwa vijana katika Jeshi la Kujenga Taifa.

Ndugu msomaji, wote hao wamo hatarini: anayeacha kabisa na anayejilazimisha. Mwezi huu tuone jinsi mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, baba au mama, anavyoweza kukimbia wakati wa kipupwe bila kujidhuru.

KWA NINI ASIACHE

Mchakamchaka, yaani kukimbia polepole kwa mwendo wa kujifurahisha, huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, husaidia kutawala sukari mwilini na huipa misuli ya miguu nguvu ya kumzuia mzee asianguke. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, hata wenye miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, au mazoezi mazito dakika 75 hadi 150. Kutembea kwa haraka ni mazoezi ya wastani. Mchakamchaka huhesabiwa miongoni mwa mazoezi mazito, kwa hiyo dakika 25 mara tatu kwa juma zinatosha kwa kuanzia.

Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kufuatilia kundi la wakimbiaji wenye umri wa miaka 50 na zaidi, pamoja na watu wa rika lao wasiokimbia. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, na asilimia 34 ya wale wengine. Wakimbiaji pia walichelewa kwa miaka mingi kufikia hali ya kushindwa kujivalisha, kuinuka kitini au kutembea wenyewe. Bila shaka mwenye afya njema ndiye anayeweza kukimbia, hivyo si tofauti yote iliyoletwa na mbio. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuidharau.

Faida hizi haziwekwi akiba. Nguvu ya moyo na misuli huanza kupungua ndani ya wiki chache za kukaa. Kumbuka pia kwamba kipindi cha baridi ndicho ambacho shinikizo la damu hupanda kwa watu wengi. Anayeacha mazoezi kuanzia Juni hadi Agosti ni kama mgonjwa anayeacha dawa wakati ugonjwa unapozidi.

BARIDI INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Ngozi ikipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hujibana ili joto lisipotee. Damu hulazimika kupita katika njia nyembamba, shinikizo lake hupanda, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Kijana halitambui jambo hili. Mzee ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba huongezewa mzigo kabla hata hajapiga hatua ya kwanza. Akitoka kitandani na kuanza kukimbia papo hapo, mizigo miwili humwangukia moyo kwa wakati mmoja: wa baridi na wa mbio.

Kuna mambo mengine matatu yanayokuja na umri. Kwanza, mwili wa mzee hutetemeka kidogo kuliko wa kijana na hauzalishi joto upesi. Pili, mzee hachelewi kupoa bali huchelewa kuhisi kwamba amepoa. Tatu, kiu hupungua, na baridi yenyewe humfanya mtu akojoe zaidi. Hivyo mwili huweza kukaukiwa maji hata pasipo jua kali.

JE, HULETA NIMONIA NA BARIDI YABISI?

Wengi huamini kwamba hewa baridi ikiingia kifuani huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Wakati wa baridi magonjwa ya kifua huenea zaidi kwa kuwa, pamoja na mambo mengine, watu hujifungia ndani pamoja, madirisha yakiwa yamefungwa, wakipokezana pumzi na moshi. Anayekimbia nje peke yake haokoti nimonia barabarani. Tofauti ni kwa mwenye pumu: hewa baridi na kavu huweza kubana njia zake za hewa. Huyo afunike mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, na awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

Jina "baridi yabisi" nalo limetupotosha. Ni kweli viungo vyenye ugonjwa huuma zaidi siku za baridi. Chanzo cha ugonjwa ni kingine: kulika kwa gegedu la kiungo, au kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba magoti na nyonga zilizolika zilipatikana kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha na asilimia 10.2 ya watu wa kukaa tu. Kwa wakimbiaji wa mashindano ilikuwa asilimia 13.3. Fundisho lake ni kwamba kiasi hakiharibu goti. Hata hivyo, goti lililovimba au lenye joto lipumzishwe na lichunguzwe.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Pima kwanza. Kabla kipupwe hakijaanza, nenda zahanati au kituo cha afya upimwe shinikizo la damu na sukari. Shinikizo likiwa 180 kwa 110 au zaidi, usikimbie hadi litibiwe. Aliyewahi kupata maumivu ya kifua, kiharusi au ugonjwa wa moyo asianze bila ruhusa ya daktari.

2. Zijue dawa zako. Dawa kama atenololi na propranololi hupunguza mapigo ya moyo na huweza kuzidisha ubaridi wa mikono na miguu. Vidonge vya kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi anaweza kuishiwa sukari akiwa njiani. Ale kwanza, na abebe pipi au sukari kidogo. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya mazoezi, mwulize mganga.

3. Ngoja jua. Baridi huwa kali zaidi karibu na mapambazuko, na ukungu huwaficha watu machoni pa madereva. Mstaafu hana kengele ya kazini inayomkimbiza. Atoke saa 3 au saa 4 asubuhi, au saa 10 jioni. Akimbie pembeni upande wa kulia, ili magari na bodaboda zinazomkaribia azione, na avae nguo ya rangi ya kung'aa.

4. Pasha mwili moto ndani ya nyumba. Kwa dakika 10 zungusha mabega, inua magoti, simama na kukaa kitini mara kadhaa. Ukitoka nje, tembea dakika 5 kabla ya kukimbia. Jambo hili moja huupa moyo nafasi ya kuzoea, nalo ndilo linalorukwa na wengi.

5. Vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito. Hewa iliyo kati ya nguo na nguo hutunza joto, na ukipata jasho unaweza kupunguza moja. Ya nje izuie upepo. Fulana ya pamba ikilowa jasho hushika maji na kukupoza. Sweta jepesi la sufu, ambalo mitumbani halikosekani, hutunza joto hata likiwa na unyevu. Vaa mzula, soksi nzima na glavu. Si kweli kwamba joto karibu lote hutokea kichwani, lakini masikio na vidole ndivyo hupoa kwanza. Akina mama wanaoona haya kuvaa suruali barabarani waivae chini ya sketi pana isiyobana hatua. Ukiondoka nyumbani ukihisi ubaridi kidogo, umevaa vizuri. Ukihisi joto mlangoni, utalowa jasho njiani.

6. Kimbia mzunguko mfupi karibu na nyumbani. Ed Whitlock, aliyezaliwa London mwaka 1931 na kuhamia Kanada, nchi yenye theluji nyingi, alifanya mazoezi yake kwa kuzunguka polepole ndani ya makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake katika mji wa Milton. Mwaka 2004 huko Toronto, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni, yaani kilomita 42.195, kwa chini ya saa 3. Mwaka 2016, miezi michache kabla ya kifo chake, aliimaliza akiwa na miaka 85 kwa chini ya saa 4. Hatuwaambii wazee wetu wamwige kwa mwendo. Wamwige kwa njia: anayezunguka jirani hawi mbali na nyumba yake mvua ikianza au mguu ukiteguka, tofauti na aliyekwenda kilomita 5 mbele.

7. Mwendo uwe wa mazungumzo. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo au tembea. Kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 1 ni mchakamchaka halali. Upepo ukiwepo, anza kwa kuukabili na rudi ukiwa umekupa mgongo, ili usikupige usoni wakati umelowa jasho. Njia ikiwa na matope au umande ulioganda, siku hiyo tembea.

DALILI ZA KUSIMAMA MARA MOJA

Simama ukihisi kifua kubanwa au kulemewa, maumivu yanayokwenda bega, mkono wa kushoto au taya, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi kukata isivyo kawaida. Baadhi ya watu, hasa wanawake na wenye kisukari, hawapati maumivu makali. Huhisi uchovu wa ghafla, kichefuchefu au jasho baridi tu. Usiseme "ni gesi" wala "nimalizie kidogo". Mtu asiposhughulikiwa mapema, misuli ya moyo hufa. Apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia.

Dalili za mwili kupoa kupita kiasi, yaani joto kushuka chini ya nyuzi 35, ni kutetemeka sana, ulimi kuwa mzito, kujikwaa, usingizi na kuchanganyikiwa. Kutetemeka kukikoma huku mtu akizidi kulegea, hali ni mbaya zaidi. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu, na kama ana fahamu kamili mpe chai ya moto yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu wala kumtumbukiza katika maji ya moto. Mpeleke hospitali.

UKIRUDI NYUMBANI

Usikae barazani kuzungumza ukiwa na jasho. Tembea dakika 5 za mwisho, ingia ndani, badili nguo zote, kisha unywe maji, uji au chai. Komoni au pombe nyingine yoyote haileti joto. Hufungua mishipa ya ngozi, ukajiona umepata moto huku joto la ndani likitoroka.

Hatari kubwa kuliko mbio zenyewe inaweza kukungoja chumbani: jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kuumwa kichwa na usingizi na huua familia nzima. Jiko likae nje au mahali penye madirisha wazi, na usilale nalo kamwe.

KWA WANAOKWENDA UGENINI

Siku hizi wapo wazee wanaokwenda kuwatembelea watoto wao Ulaya, Marekani au Kanada wakati wa theluji. Baridi ya Njombe si kipimo cha huko. Joto hushuka chini ya sifuri, upepo huzidisha ukali wake, na ngozi ya masikio, pua na vidole huweza kuganda na kufa. Ikianza kuwa nyeupe na kufa ganzi, ingia ndani mara moja. Barafu nyembamba juu ya lami haionekani, na mfupa wa nyonga ukivunjika huweza kumlaza mzee kwa miezi. Huko atembee ndani ya maduka makubwa au akimbie juu ya mashine. Kazi ya kusukuma theluji kwa koleo awaachie vijana, kwani huelemea sana moyo wa mtu asiyeizoea.

Nanyi watoto, msimfungie baba au mama ndani kwa hofu. Mnunulieni mzula na glavu, mkumbusheni siku ya kupima shinikizo la damu, na anayeweza atoke naye. Mwenye kukimbia na mwenzake hupunguza mwendo ili wazungumze, na akipatwa na jambo hukosi mtu wa kupiga simu. Asiye na mwenzake aseme nyumbani anapita njia ipi na atarudi saa ngapi.