Bomba Lililofunikwa: Sheria Yasemaje Juu ya Maji Safi na Maji Taka Nyumbani?

Tukitaja sheria za ujenzi wengi wetu hufikiria kuta na nguzo, kwa sababu nyumba ikianguka kila mtu huona. Bomba halionekani. Likishafunikwa kwa simiti hubaki siri ya fundi na mwenye ploti, na wapangaji huijua siri hiyo siku watoto wanapoanza kuhara. Hapa Kawangware, Kangemi na Riruta malalamiko ya maji taka hayaishi, kwa hivyo tumeona vyema tueleze jambo hili polepole.

Kwa miaka mingi Kenya ilitumia sheria ndogo za ujenzi za 1968. Zilifuata sana mtindo wa Uingereza, na zilikuwa za namna mbili: zile za kawaida, na zile za Daraja la Pili zilizolegezwa kidogo kwa ajili ya mitaa ya watu wa mapato ya chini. Mnamo 2024 serikali ilitoa Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi, nazo zikaanza kutumika Machi 2025. Pamoja nazo iko Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ni kuukuu lakini bado ina makali. Tusichoshane na vifungu. Kwa upande wa mabomba shabaha ya zote ni moja: maji unayokunywa yasikutane na yale uliyoyamwaga.

Tazama chini ya sinki. Utaona bomba limejipinda kama shingo ya bata. Mafundi huliita trapu. Katika ile kona hubaki maji kidogo kila wakati, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia gesi, mende na vijidudu visipande kutoka kwa bomba kubwa. Usidhani ni jambo dogo. Mwaka 2003, huko Hong Kong, katika majumba ya ghorofa ya Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 walipata ugonjwa wa SARS. Wachunguzi waligundua kwamba trapu za sakafuni katika bafu nyingi zilikuwa zimekauka, na hewa chafu ikapita humo kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa hivyo kama una tundu la maji bafuni ambalo hulitumii, limwagie maji kila juma. Ni bure.

Trapu nayo yahitaji mwenzake, lile bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Jirani wa ghorofa ya nne akimwaga choo, maji yanaposhuka kwa kishindo huvuta hewa nyuma yao. Pasipo bomba la hewa, yatanyonya maji ya trapu yako hadi ikauke. Ukisikia sinki likigugumia kila jirani anapomwaga, ujue tatizo huenda ni hilo. Na hapa ndipo wenye mjengo wengi hupenda kuokoa pesa, wakisema, "Hilo la juu la nini?"

Kisha kuna mteremko. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba bomba la inchi 4 lishuke futi moja kwa kila futi 40. Likilala sana uchafu hukwama njiani. Kila penye kona au maungano pawe na manholi, ili likiziba lifunguliwe bila kuvunja sakafu ya mtu. Maji ya mvua yasielekezwe humo kamwe. Yale manholi yanayofurika kila masika, mara nyingi yamefurika kwa sababu watu wameunganisha mifereji ya paa na bomba la choo.

Lakini hatari kubwa kwetu ni mgao wa maji. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na husafishwa Ng'ethu. Yakitoka huko ni safi. Siku ya mgao bomba la mtaani huwa tupu, na bomba tupu lenye ufa huvuta chochote kilicho karibu. Sasa fikiria zile paipu nyembamba za plastiki zinazopita ndani ya mtaro wa maji machafu, tena zimefungwa kwa mpira pale zilipotoboka! Maji yakirudi, mtungi wa kwanza ni wa kuogopwa. Ndiyo maana utaratibu mzuri hautaki bomba la maji safi lilale pamoja na la maji taka. Liwe mbali, na liwe juu yake.

Msifikiri haya ni ya ploti za mabati peke yake. Kileleshwa na Kilimani palikuwa na nyumba moja moja katika mashamba makubwa. Leo pana maghorofa, na mabomba mengi ya chini ni yale yale ya zamani. Mto Kirichwa unaopita kule unajua kinachotokea.

Kwa hiyo anayejenga, hata vyumba sita tu, apeleke ramani kwa kaunti iidhinishwe ikiwa na michoro ya mabomba. Mabomba yakaguliwe na kujazwa maji ili kupimwa kabla ya kufukiwa. Fundi aulizwe cheti chake cha mtihani wa ufundi wa serikali. Wako wazuri wasio na cheti, kweli, lakini wewe utawajuaje?

Na mpangaji je? Wengi hunyamaza wakiogopa kufukuzwa. Sheria ya Afya ya Umma, kifungu cha 115, inakataza mtu kuacha uchafu unaodhuru afya katika ardhi au nyumba yake, na cha 119 kinampa afisa wa afya uwezo wa kutoa ilani uondolewe. Kama kasoro ni ya jengo lenyewe, ilani humwendea mwenye nyumba, siyo mpangaji. Andikeni barua moja, mtie sahihi watu wengi ili asionekane mmoja, mweleze ploti, siku maji taka yalipoanza kutoka na watoto walio wagonjwa. Ipelekeni kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, abandike muhuri kwenye nakala yenu, na nakala hiyo iwekwe mahali pakavu.