INJINI YA BOTI ILIYOCHAKAA: IFUFULIWE AU INUNULIWE MPYA?

Mkoa wa Simiyu hujulikana kwa pamba kuliko kwa samaki, na vyama vingi vya msingi vya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni vya wakulima. Hata hivyo, tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012, Wilaya ya Busega imeuunganisha na Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke, ambako huvuliwa dagaa, sangara na sato. Kwa chama cha wavuvi, injini ya kupachika ni miongoni mwa mali zake za thamani kubwa. Injini hiyo inapochoka, bodi hukabiliwa na swali moja: je, ifanyiwe matengenezo makubwa, au inunuliwe nyingine?

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 swali hili lilikuwa na jibu moja tu. Fedha za kigeni zilikuwa haba, injini mpya hazikupatikana kwa urahisi, na mafundi walilazimika kufufua kila kilichoweza kufufuliwa. Leo injini na vipuri vyapatikana madukani, na kwa hiyo uamuzi umekuwa mgumu zaidi. Wako wanaotengeneza injini isiyostahili tena kutengenezwa, na wako wanaokopa fedha za injini mpya wakati ile ya zamani ilihitaji plagi tu.

Kwanza ujulikane ugonjwa

Injini kupungukiwa nguvu si dalili ya uchakavu peke yake. Maji yaliyoingia katika petroli, kabureta iliyoziba, plagi iliyoungua au pangaboi linaloteleza kwenye mhimili wake huweza kuleta hali hiyo hiyo. Kadhalika, mchanga wa mwaloni hula mpira wa pampu ya maji, injini ikapata joto kupita kiasi. Mambo haya yote hurekebishwa kwa gharama ndogo, na hayana budi kuchunguzwa kabla ya kusema kwamba injini imekwisha.

Yakiisha kuchunguzwa na hali isibadilike, fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Injini iwashwe kwanza ipate moto, kisha izimwe, umeme wa plagi ukatwe, plagi zote zitolewe, kabureta iwe wazi kabisa, na kamba ya kuwashia ivutwe mara kadhaa mpaka mshale wa geji usipande tena. Jambo la kutazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi hivi, kuna kasoro. Ikumbukwe pia kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo injini nzima ikipimwa Busega itaonyesha kipimo kidogo kuliko ikipimwa Tanga, na isihukumiwe kwa sababu hiyo.

Kilichochakaa ni nini?

Ringi zikiwa zimechakaa na ukuta wa silinda ungali laini, kazi ni ndogo. Ukuta ukiwa na michirizi, silinda huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida iliyozidi milimita 0.25 au 0.50. Bodi yapaswa kuuliza kama silinda zimewahi kuchongwa. Zikiwa zimefika kipimo cha mwisho, matengenezo ya namna hiyo hayawezekani tena bila kuweka kuta mpya, na gharama hupanda sana.

Sehemu ya kuogopwa zaidi ni krankshafti na beringi zake. Injini inayogonga kwa ndani, au iliyozama majini ikakaa siku kadhaa bila kufunguliwa, huenda ina kutu katika beringi. Maji ya ziwa hayana chumvi, na hivyo hayali chuma kwa kasi ya maji ya bahari, lakini kutu haikosekani. Ikiwa krankshafti, silinda na giaboksi vyote vimeharibika, au bloku imepasuka, mara nyingi kununua ndiyo njia ya busara.

Hesabu ya kulinganisha

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya matengenezo na bei ya injini mpya, kisha kuchagua iliyo ndogo. Kinachofaa kulinganishwa ni gharama kwa kila mwaka wa kazi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio bei ya duka lolote. Injini mpya ni shilingi 6,000,000, na yatarajiwa kufanya kazi miaka 6. Injini ya zamani ikiuzwa ilivyo itapata shilingi 900,000. Kwa hiyo kununua kutakigharimu chama shilingi 5,100,000, yaani 850,000 kwa mwaka. Matengenezo makubwa ni shilingi 2,100,000. Yakidumu miaka 3, gharama ni 700,000 kwa mwaka, na kufufua ni nafuu. Yakidumu miaka 2 tu, gharama ni 1,050,000 kwa mwaka, na kununua ni nafuu. Mpaka wa uamuzi ni miaka miwili na nusu hivi.

Mfano huu waonyesha kwamba jambo kubwa ni muda ambao kazi ya fundi itadumu. Kwa sababu hiyo fundi atoe makadirio baada ya kuifungua injini, si kabla. Aandike dhamana ya kazi yake. Na vipuri vilivyotolewa avirudishe kwa chama vikaonekane. Pistoni ya bandia ikiwekwa ndani ya silinda iliyochongwa vizuri huharibu kazi yote.

Siku za kulala bila kuvua nazo ni gharama. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Chama kinachopanga matengenezo yake katika siku hizo, vipuri vikiwa vimekwisha nunuliwa, hakipotezi mapato mengi.

Usalama wa wanachama

Kuna hesabu isiyoandikwa kwa shilingi. Injini inayozimika usiku katikati ya ghuba, upepo ukivuma na mawimbi yakipanda, yahatarisha maisha ya watu wote waliomo botini. Injini ambayo fundi hawezi kuithibitisha isirudishwe ziwani kwa hoja ya kubana matumizi. Hata injini nzima isitumiwe bila makasia, maboya ya kujiokolea na mafuta ya akiba.

Kazi ya katibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila injini iwe na daftari lake: tarehe ya kununuliwa, saa za kazi, petroli na oili iliyotumika, kila tengenezo na kila kipimo cha mgandamizo. Petroli ikiongezeka kwa safari zile zile, daftari litasema kabla injini haijafa. Chama kitenge pia fedha za uchakavu kila mwezi. Katika mfano wa juu, injini ya shilingi 6,000,000 kwa miaka 6 yahitaji 1,000,000 kwa mwaka. Chama kisichotenga hulazimika kukopa, na mkopo lazima uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Njia hii ya kupima, kukokotoa na kuandika yafaa pia kwa mashine ya kusaga ya Bariadi na kwa trekta la Meatu. Bodi ikienda mbele ya wanachama na kipimo cha fundi mkono mmoja na daftari mkono wa pili, mkutano utaamua kwa haki, na fedha za wanachama zitakuwa salama.