Kiti cha mtoto garini: Usiwe na haraka ya kumgeuza

WAZAZI wengi mijini siku hizi hununulia mtoto kiti chake cha garini, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, wengi hukifunga kikitazama mbele mtoto akiwa bado mdogo mno, eti apate kuona barabara na asilie. Kwa kufanya hivyo, wao humwondolea kinga kubwa zaidi ambayo kiti hicho kingempa.

Huenda unafikiri mwanao yu salama akipakatwa na mama yake. La hasha! Gari likigonga kitu likiwa katika kasi ya kilomita 50 kwa saa, waliomo hurushwa kana kwamba wameanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, sawa na paa la jengo la orofa tatu. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto wakati huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa asilimia 71.

Kwa nini atazame nyuma?

Kichwa cha mtoto mchanga huwa karibu robo ya urefu wake wote, ilhali mifupa ya shingo bado haijakomaa. Gari likigongana ana kwa ana, mtoto anayetazama mbele huzuiwa kifua na mishipi, lakini kichwa huvutwa mbele. Shingo ikivutika hivyo, uti wa mgongo unaweza kuumia. Akitazama nyuma, kiti hukinga kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Ndiyo sababu kiti kinachoweza kugeuzwa kina manufaa: mtoto hukitumia kwanza akitazama nyuma, kisha mbele anapokua. Tangu 2018, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, hushauri mtoto atazame nyuma hadi afikie kikomo cha uzani au urefu kilichoandikwa kwenye kiti. Usitishike miguu yake ikikunjika au kugusa kiti cha gari. Hilo si dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo.

Unaponunua

Soma kibandiko. Kiti cha kiwango cha R44, kundi 0+/1, huruhusu mtoto kutazama mbele kuanzia kilo 9, uzani ambao wengine hufikisha kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kiwango kipya cha R129 hakiruhusu hivyo kabla ya miezi 15. Ukiweza, chagua kinachomruhusu kutazama nyuma hadi kilo 18 badala ya 13.

Kama ni cha mitumba, uliza iwapo kiliwahi kuhusika katika ajali. Muuzaji asipojua, kiache. Kagua nyufa na mishipi iliyochakaa, na utafute tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi huwa chini au nyuma ya kiti. Tena, kijaribu ndani ya gari lako kabla ya kulipa, kwani si kila kiti hukaa sawasawa katika kila gari.

Unapokifunga

Kiweke nyuma. Kamwe usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unaweza kumuua mtoto. Kishike pale mshipi wa gari unapopita, ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.

Mtoto akitazama nyuma, mishipi ianzie usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akitazama mbele, usawa wa mabega au juu yake kidogo. Ikaze hadi usiweze kuifinya ikakunjika begani. Wakati wa baridi ya Julai, mvue sweta nzito kwanza, umfunge, kisha umfunike juu ya mishipi.

Fanya hivi kila safari, hata ile fupi ya kwenda dukani. Kiti cha bei ghali kilichofungwa ovyo hakitamfaa mwanao.