Mbwa Mzee Halalamiki

Alfajiri, katika maboma mengi kati ya Karungu na Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, mbwa huamka akiwa kwenye majivu ya jiko yaliyobaki na joto. Akiwa kijana huruka, hujikung'uta na kufika langoni kabla mgeni hajapiga hodi. Akizeeka, huinua kwanza kifua, husita, kisha huvuta miguu ya nyuma kama anayejinasua matopeni. Hatua kumi za mwanzo huwa za shida. Baada ya hapo mwili hulegea, naye mwenye boma hujiambia kuwa si kitu, ni uzee.

Uzee wenyewe si jambo la kawaida kwa mbwa wa kijijini. Utafiti uliofanywa Machakos na kuchapishwa mwaka 2001 ulikadiria kuwa mbwa dume wa huko huishi takriban miaka 3.5 tangu kuzaliwa, na jike 2.4. Kwa hiyo mbwa wa Migori au Homa Bay anayefikisha miaka tisa ameponea mengi: magari, kupe, njaa, kichaa cha mbwa. Viungo vyake ndivyo vinavyolipa deni la miaka hiyo.

Ncha za mifupa inapokutana hufunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza kwa msaada wa ute. Gegedu likichakaa halirudi kama lilivyokuwa. Kiungo huvimba, mfupa huota vinundu pembeni, na kila mkunjo wa goti au nyonga huuma. Wengi huita hali hii baridi yabisi, jina linaloitupia baridi lawama zote. Lakini pwani ya Ziwa Victoria ina joto karibu mwaka mzima, na mbwa wake huugua vilevile. Baridi ya usiku, kama ile ya nyanda za juu za Kuria, humkakamaza zaidi mbwa ambaye tayari anaumwa. Chanzo chenyewe huwa nyonga iliyoumbika vibaya tangu utotoni, mguu uliovunjwa na bodaboda ukaunga ovyo, uzito uliozidi, au miaka tu.

Anayesubiri kusikia kilio atachelewa. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii, ila hubadili mwenendo. Huacha kuruka mtaro aliokuwa akiuruka. Hulamba kiwiko kilekile hadi manyoya yanabadilika rangi. Huwang'akia watoto wakimshika kiunoni, ilhali zamani walimpanda mgongoni. Kucha hurefuka kwa kuwa hatembei vya kutosha, na mapaja husinyaa.

Hata hivyo, si kila anayechechemea ana viungo vilivyochakaa. Homa inayoletwa na kupe huweza kuvimbisha viungo vya mbwa wa umri wowote. Katika Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, kuna hatari nyingine. Mbung'o wa eneo hilo wamejulikana kwa miongo mingi kwa kueneza vimelea vya nagana na malale, na mbwa akiambukizwa hukonda, hupata homa, na macho yake hufanya ukungu. Magonjwa haya yana tiba yake. Kuyaita uzee ni kumnyima mbwa nafasi ya kupona.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwa nia njema. Mtu ana vidonge vya mgongo wake mwenyewe nyumbani, anakata kimoja nusu, anakichomeka kwenye tonge la ugali. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa zinazouzwa kila mtaa kwa ajili ya binadamu, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli ikizidi huharibu ini na damu. Hata dawa iliyo sahihi hudhuru ikikosewa kipimo. Meloksikamu, ambayo madaktari wa mifugo huiandikia mbwa, kwa kawaida hutolewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku. Mbwa wa kilo 15 anahitaji basi miligramu 1.5 kwa siku. Kidonge cha binadamu cha miligramu 15 ni mara kumi ya hiyo.

Ndiyo maana uzito hupimwa kabla ya dawa. Mwenye mizani ya bafuni hupanda akiwa amembeba mbwa, kisha hupanda peke yake na kutoa tofauti. Daktari atataka pia kujua kama mbwa amechomwa sindano ya deksamethasoni siku za karibuni, maana ikichanganywa na meloksikamu, tumbo ndilo huumia. Dawa hutolewa pamoja na chakula, maji yakiwa karibu. Akitapika, akikataa kula au akitoa choo cheusi kama lami, dawa husimamishwa na daktari hupigiwa simu siku hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya nafuu, hata hivyo, haiuzwi dukani. Nchini Marekani kampuni ya Purina iliwafuatilia Labrador 48 kwa miaka 14, nusu yao wakila robo pungufu ya wenzao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa waliopunguziwa chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuhitaji tiba. Somo hilo linamhusu hasa mbwa wa mjini, yule anayefungwa mnyororo nyuma ya nyumba Homa Bay au Migori na kumiminiwa mabaki ya ugali asubuhi na jioni. Mbwa wa kijijini Nyatike mara nyingi ana shida ya kinyume: mbavu zinahesabika, na misuli ya kushikilia nyonga imekwisha. Huyo anahitaji protini zaidi, na omena iliyochujwa mchanga humfaa. Mafuta ya samaki yamewahi kupunguza maumivu ya viungo katika majaribio, lakini kwa vipimo vikubwa; kiganja cha omena ni chakula, si dawa.

Kitanda nacho ni tiba. Gunia lililojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi, likiwekwa mahali pasipopitisha upepo wala maji ya mvua, hukinga viwiko na nyonga dhidi ya sakafu ya saruji. Kucha zikatwe. Matembezi yawe mafupi na ya kila siku, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, badala ya siku tano za mnyororo na moja ya kukimbizana na sungura. Ulaya mbwa wa namna hii huogeleshwa katika madimbwi ya maji ya vuguvugu. Huku ziwa lipo, ila lina mamba na viboko.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, na wataalamu wengi wa mashinani hushinda na ng'ombe na mbuzi kuliko mbwa. Ni vyema kuuliza kama anayekuja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sindano mpya ya mwezi mmoja inayozuia ishara za maumivu kwenye neva, bedinvetimabu, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani 2023. Kwa wafugaji wengi wa hapa, meloksikamu, mizani na gunia ndivyo vilivyo karibu.

Simu nayo husaidia. Mbele ya daktari mbwa hujikaza kwa woga na kutembea kama mzima. Video ya nusu dakika iliyopigwa alfajiri, mbwa akitoka kwenye majivu, humwonyesha daktari kile ambacho mbwa ameficha. Baada ya wiki tatu za tiba hupigwa nyingine, mahali palepale na saa ileile, na zote mbili hutazamwa pamoja ili kuhesabu ni hatua ngapi zilizobaki ngumu.