Tunzeni Maji ya Birika la Ubatizo

Makanisa yetu mengi yamejenga birika la simenti la kubatizia, ndani ya kanisa au nyuma yake. Ni jambo jema. Mahali pengine mto ni mbali, mahali pengine una mkondo mkali au mamba, na wakati wa mvua nyingi maji yake ni tope tupu. Lakini maji ya mto yanakwenda. Maji ya birika hayaendi popote. Yanakaa, na maji yanayokaa bila mtu wa kuyatunza hugeuka kuwa nyumba ya magonjwa. Kwa sababu hiyo tunawaandikia ninyi wazee wa kanisa, mashemasi, na ninyi akina mama ambao nyumba zenu ziko karibu na kanisa.

Pengine mtu atauliza: Je, maji ambayo watu wa Mungu wamebatizwa ndani yake yanaweza kuleta ugonjwa? Ndiyo, yanaweza. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, mlango wa tatu, anatenga ubatizo na kuoga mwili, naye ana haki. Ubatizo ni jambo la moyo mbele ya Mungu. Maji yenyewe yanabaki maji. Watu 40 wakizama katika birika moja asubuhi moja, wameacha humo vumbi la miguu yao, jasho lao, na vijidudu vya matumbo ambavyo macho hayavioni. Baada ya ibada, maji yale ni maji waliyoogea watu 40. Hakuna mama ambaye angempa mtoto wake maji ya namna hiyo kama angeyaona katika beseni.

Lakini katika birika wanayachota! Wengine wanayachukua kwa kupikia kwa kuwa chemchemi ni mbali. Wengine wanayatia katika chupa na kumnywesha mgonjwa nyumbani, wakidhani yana nguvu ya kuponya. Hatuwacheki watu hawa, maana wanatafuta msaada kwa ajili ya mtoto wao. Lakini wafikiri habari za Naamani. Alipona ukoma katika Yordani kwa sababu alitii neno la Mungu, na hatusomi kwamba alirudi Shamu na mtungi wa maji ya Yordani. Mtoto anayeharisha akinyweshwa maji machafu ataharisha zaidi, na maji ya mwili wake yatamwishia. Katika maji ya namna hii huweza kuwamo kuhara damu, homa ya matumbo ambayo wengi huiita tifoide, hata kipindupindu. Wazee wa Goma wanakumbuka mwezi wa Julai mwaka 1994, jinsi kipindupindu kilivyoua maelfu ya wakimbizi kwa siku chache, kwa sababu maji safi yalikuwa haba. Mtoto wenu akiharisha, mpeni maji yaliyochemshwa pamoja na dawa ya chumvi na sukari ya kituo cha afya, nanyi mwombeeni. Maji ya birika yaacheni.

Sasa tuseme juu ya mbu. Katika nchi zote za dunia, Kongo ni ya pili baada ya Nigeria kwa wingi wa malaria, na wanaokufa zaidi ni watoto ambao hawajafika miaka mitano. Tangu mwaka 1897, wakati mganga Ronald Ross katika India alipoona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, hakuna sababu ya kusema kwamba homa hii inatoka kwa baridi au kwa maembe mabichi. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji yaliyotulia. Mayai huwa funza wadogo wanaochezacheza majini, na mahali penye joto, juma moja tu au zaidi kidogo linatosha wawe mbu wenye mabawa. Hesabuni basi. Birika lililojazwa kwa ubatizo wa Pasaka na kuachwa wazi mpaka Pentekoste limelea vizazi vingi vya mbu, na jioni wanaruka kwenda katika nyumba ya mchungaji na nyumba za jirani.

Birika tupu pia linaweza kudanganya. Mkitoa maji yote, lakini sakafu ina shimo dogo kwenye pembe, mvua italijaza, na maji ya kiasi cha sahani yanatosha kwa mbu. Kwa hiyo sakafu ya birika iinamie upande wa tundu la kutolea maji, na wakati birika halina kazi kizibo kisirudishwe. Likiwa na nyufa, zizibeni kwa simenti.

Mahali penye kichocho, yaani bilarzia, kama kando ya Ziwa Albert, kuna jambo lingine. Mdudu wake anakaa kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha anatoka na kuogelea, akitafuta ngozi ya mtu ili aingie. Hahitaji kidonda. Mkijaza birika kwa maji ya ziwa au ya mto, myapitishe katika kitambaa kizito ili konokono wasiingie, kisha yakae siku mbili kabla mtu hajaingia. Mdudu aliyekwisha kutoka kwa konokono hawezi kuishi muda huo wote bila kupata mtu. Maji ya mvua kutoka bati la kanisa hayana hatari hii, nami nayapenda zaidi kwa birika.

Je, birika litunzwe namna gani? Shauri letu kwa kanisa dogo, linalobatiza mara mbili au tatu kwa mwaka, ni hili: msihifadhi maji. Jazeni siku moja au mbili kabla ya ubatizo, batizeni, toeni maji yote siku ile ile, sugueni kwa burashi na sabuni, suuzeni, na liacheni likauke. Wazee wengine wanapenda birika lionekane limejaa wakati wote, kwa uzuri wake mbele ya wageni. Kwa maoni yangu uzuri huo una gharama kubwa mno. Jua na ukavu ni dawa isiyonunuliwa.

Birika jipya la simenti lisitumiwe upesi. Simenti mpya inatoa ukali ndani ya maji, unaowasha ngozi na kupunguza nguvu ya klorini. Lijazeni na kulimwaga mara kadhaa kwanza, kila mara maji yakikaa siku chache.

Makanisa ya mjini, yenye watu wengi wa kubatizwa au ambayo lazima yahifadhi maji kwa sababu ni ya kununua, yatumie klorini. Pimeni kwanza birika lenu. Likiwa na urefu wa mita 2, upana wa mita 2, na maji ya kina cha mita 1, mnazidisha 2 kwa 2 kwa 1 na kupata 4. Ni lita 4000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Kwa maji hayo, yakiwa meupe, kijiko kimoja cha supu cha klorini ya unga kinatosha, kimejaa sawasawa bila kilima juu. Tunasema ile ya nguvu ya 65 au 70 kwa mia. Someni karatasi ya chombo. Tieni maji katika ndoo ya plastiki kwanza, kisha unga juu ya maji, korogeni kwa mti safi, acheni machicha meupe yatulie, na mmwage maji ya juu kuzunguka birika lote. Ngojeni nusu saa. Maji yanapaswa kunuka klorini kidogo tu. Kama hayanuki kabisa, uchafu umeila dawa yote, na maji ya namna hiyo afadhali kumwagwa kuliko kuongezwa kijiko juu ya kijiko mpaka macho ya watu yawashe. Jua nalo linaondoa klorini, basi dawa ya Jumatano haitoshi kwa Jumapili.

Unga huu si mchezo. Msiuchanganye na sabuni ya choo, wala maji ya ndimu, wala asidi ya betri. Unatoa hewa inayoziba kifua, na hewa hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kuua askari vitani katika Ubelgiji mwaka 1915. Ukikutana na mafuta ya taa unaweza kuwaka moto. Uwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na watoto. Tena ukianguka juu ya kitenge, rangi inatoka hapo hapo, na mtajibu kwa mwenye kitenge.

Juu ya milima ya Lubero watu wanatuuliza habari za kupasha maji joto kwa ajili ya wazee na waliotoka katika ugonjwa. Ni tendo la upendo, lakini jueni kazi yake: pipa zima la lita 200 la maji yanayochemka, likimwagwa katika lita 4000 za maji baridi, linaongeza joto la digrii 4 hivi tu. Kuni nyingi, faida ndogo. Ni afadhali kwa mzee kupunguza maji yafike kiunoni tu, na kuyapasha hayo machache. Maji ya moto yamwagwe wakati hakuna mtu ndani, yakorogwe mpaka chini, na mtu mzima ayapime kwa kiwiko, yawe ya vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Mwenye ukoma au ugonjwa wa sukari asiulizwe kama maji ni ya moto, maana miguu yake inaweza kuungua bila yeye kusikia. Maji yaliyopashwa joto msiyaweke hata usiku mmoja. Vijidudu vinayapenda, na klorini inaondoka humo upesi.

Mwenye kuharisha na mwenye kidonda wazi wangoje wapone. Haitawaondolea kitu mbele ya Mungu kubatizwa mwezi unaofuata.

Jambo la mwisho ni kifuniko. Mtoto mdogo anaweza kufa katika maji ya kina cha kiganja, bila kupiga kelele. Torati katika Kutoka 21:33-34 inamdai mtu aliyechimba shimo bila kulifunika alipe ng'ombe au punda aliyetumbukia ndani yake, na mtoto hana malipo. Tengenezeni kifuniko cha mbao nzito chenye kufuli, na wavu wa mbu chini yake. Wachagueni watu wawili wa kazi hii, na mmoja wao akae karibu. Ufunguo uwe kwao wawili, wala usining'inizwe ukutani. Kila Jumamosi wafungue na kutazama kwa tochi kama kuna funza wa mbu. Wakiwaona, maji yatolewe siku ile.

Maji yanayotolewa yaende katika migomba. Lakini yakiwa na klorini yasielekezwe katika bwawa la samaki, maana kiasi kile kidogo kisichomdhuru mtu kinaua samaki. Fungueni kifuniko yakae juani siku moja nzima, na mtu awe karibu kuwazuia watoto, mpaka harufu iishe. Ndipo mtoe kizibo.